Je, Wajua? Sarafu, Mashine za Gemu na Boda ya Sirari

Je, wajua kwamba miaka ile dunia ilipopagawa na mashine za gemu za kutumbukiza sarafu, boda ya Sirari ilikuwa imefungwa? Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya Februari 1977, wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki inavunjika, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Space Invaders ilitoka Japani mwaka 1978, Pac-Man ikafuata mwaka 1980, Donkey Kong mwaka 1981. Kilele cha gemu hizo kilifika na kupita huku Sirari na Isebania ya upande wa Kenya zikitazamana bila kufanya biashara ya halali.

Je, wajua kwamba hata mpaka ungekuwa wazi, kulikuwa na ukuta mwingine? Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ilikwenda mrama, fedha za kigeni zikapotea, na wahasibu wakarudi kwenye kalamu na daftari. Na kuanzia mwaka 1975 mashine ya gemu ilikuwa ni kompyuta iliyofungiwa ndani ya kabati.

Na televisheni? Zanzibar ilikuwa nayo ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri mpaka mwaka 1994, ITV ilipoanza kurusha matangazo. Mtoto wa Tarime aliyezaliwa mwaka mmoja na gemu ya Pong, yaani 1972, alikuwa na miaka 22 ndipo Bara ikapata kituo chake.

Nayaleta haya kwa sababu mashine ya sarafu ilitufikia kwa kuchelewa, na ikatufikia kwa sura yake mbaya. Vijana wetu wengi wanaijua kwa jina la dubwi: unatumbukiza mia mbili, taa zinazunguka, hela imekwenda. Lakini dubwi ina ndugu yake wa tumbo moja, ambaye hakuahidi mtu utajiri. Ulimpa sarafu, naye akakupa dakika chache za kupima jicho lako na mkono wako. Historia yake ndiyo hii, na ninaamini vijana wa mkoa wetu wa Mara wana haki ya kuijua.

Je, wajua kwamba mashine ya sarafu ya kale kuliko zote zinazojulikana ilielezwa barani Afrika? Heron wa Aleksandria, Misri, katika karne ya kwanza baada ya Kristo, aliandika habari za chombo cha hekaluni kilichotoa maji ya kujitakasa. Sarafu ya drakma tano iliangukia kwenye kisahani kilichofungwa mwisho wa mtaimbo mdogo. Uzito wake ulikiinamisha kisahani, kizibo upande wa pili kikainuka, maji yakatoka. Kisahani kilipozidi kuinama sarafu iliteleza, kizibo kikashuka, maji yakakatika. Umelipa, umepata kipimo chako.

Je, wajua kwamba kabla ya mwaka 1966 mtu wa Sirari hakuhitaji kubadilisha fedha ili akanunue kitu Isebania? Shilingi ilikuwa moja, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Senti 5 na senti 10 zilikuwa na tundu katikati, na pembe za ndovu zimelizunguka; shilingi ilikuwa na simba. Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango yake Juni 1966, Kenya ikatoa fedha yake Septemba mwaka huohuo, na tangu hapo mpaka ukapata kazi mpya, kazi ya wabadilisha fedha. Kwa mashine ya sarafu hilo ni jambo kubwa kuliko tunavyodhani, tutalifikia.

Je, wajua kwamba kumbi za kwanza za mashine za sarafu hazikuwa za michezo? Tarehe 14 Aprili 1894 ulifunguliwa New York, barabara ya Broadway, ukumbi wenye mashine kumi za Thomas Edison za kutazamia filamu. Mtu alilipa senti 25, akainamia tundu moja baada ya lingine, akaona picha zinazotembea kwenye mashine tano. Kila tundu lilikuwa na mtazamaji mmoja. Sinema ya ukutani, ya watu kukaa pamoja, ilikuwa bado.

Je, wajua kwamba jiji la New York lilipiga marufuku mashine ya kurusha gololi, inayoitwa pinball, kwa zaidi ya miaka 30? Mashine hiyo ni meza iliyoinama kidogo yenye kioo juu. Unavuta mpini wenye springi, gololi ya chuma inaruka, inagonga vizuizi, inahesabu alama. Mashine ya Baffle Ball ya David Gottlieb iliyotoka mwaka 1931 ndiyo iliyoieneza Marekani nzima, watu wakiwa katika dhiki ya mdororo wa uchumi na mchezo ukiwa wa senti moja. Lakini zile za mwanzo hazikuwa na vibawa vya kuurudisha mpira juu. Vibawa vilikuja mwaka 1947, kwenye mashine iliyoitwa Humpty Dumpty. Kabla ya hapo, ukishaurusha mpira umemaliza kazi. Kilichobaki ni bahati, na watu waliiwekea dau bahati hiyo. Januari 1942 Meya Fiorello La Guardia akasema ni kamari inayowanyonya watoto wa shule hela zao za chakula. Polisi wakazivunja kwa nyundo mbele ya wapiga picha.

Sasa sikiliza ilivyoisha. Mwaka 1976 mwandishi kijana aitwaye Roger Sharpe aliitwa mbele ya kamati ya baraza la jiji ili athibitishe kwamba pinball ni mchezo wa ustadi. Mashine ikaletwa humohumo ukumbini. Madiwani wakamtilia shaka, wakamtaka acheze kwenye mashine ya pili ya akiba, si ile aliyoijaribu. Sharpe akawaonyesha kwa kidole njia ya katikati juu ya meza, akasema mpira wa safari hii utashukia pale. Akavuta mpini, akaachia. Mpira ukapanda, ukazunguka, ukashukia palepale aliposema. Marufuku ikaondolewa. Naipenda habari hii kuliko zote zilizomo humu, kwa kuwa hoja ambayo ingeweza kubishaniwa mahakamani miaka mingi ilimalizwa na mkono mmoja uliojua unachokifanya.

Je, wajua kwamba kampuni ya Sega ilianza na mashine za kamari? Waanzilishi wake walikuwa Wamarekani waliopeleka mashine za sarafu kwenye kambi za jeshi huko Hawaii katika miaka ya 1940. Sheria ya Marekani ya mwaka 1951 ilipozuia mashine za kamari kwenye kambi zilizo ndani ya nchi, wakahamishia biashara Japani, ambako kambi za Marekani zilikuwa tele. Kampuni hiyo ilijulikana kama Service Games. Mwaka 1965 iliungana na kampuni ya David Rosen, na mwaka uliofuata ikatoa Periscope, mchezo wa kuzamisha meli kwa mwanga na mota, bila kompyuta yoyote. Ilipofika Marekani ililipiwa senti 25, bei iliyokuja kuwa ya kawaida kwa gemu zote zilizofuata. Ndiyo maana nasema dubwi na gemu ni wa tumbo moja.

Kampuni nyingine kwa haraka: Namco ilianza mwaka 1955 na farasi wawili wa mitambo, wa watoto kupanda, juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama. Konami ilianza mwaka 1969 kwa kukodisha na kutengeneza mashine za kupigia santuri. Nintendo ilitengeneza karata tangu mwaka 1889.

Je, wajua kwamba gemu iliyozaa biashara yote hii ilichezwa bure? Spacewar! iliandikwa na Steve Russell na wenzake katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1962: vyombo viwili vya angani, makombora, na nyota katikati inayovuta kila kinachopita karibu. Iliendeshwa na kompyuta ya PDP-1, ambayo bei yake ilikuwa takriban dola 120,000. Hakuna mwenye baa ambaye angeinunua.

Lakini vijana wawili wa California, Bill Pitts na Hugh Tuck, waliona bei za kompyuta zinashuka. Septemba 1971 waliweka mashine yao, Galaxy Game, kwenye jengo la wanafunzi la Chuo Kikuu cha Stanford. Senti 10 kwa mchezo, senti 25 kwa michezo mitatu. Gharama ilifika takriban dola 20,000. Piga hesabu mwenyewe: kwa senti 10, michezo 200,000 ndipo mtaji urudi. Wanafunzi walipanga foleni, mashine ikaendelea kuchezwa hadi mwaka 1979, ila biashara haikuwapo.

Je, wajua kwamba Computer Space, mashine ya kwanza ya gemu ya video kuuzwa kwa wingi, haikuwa na kompyuta ndani licha ya jina lake? Nolan Bushnell na Ted Dabney waliamua kuachana na kompyuta kabisa. Wakachukua saketi za bei nafuu, kila moja na kazi yake ndogo: hii inachora chombo, hii inahesabu alama, hii inasogeza nukta. Kampuni ya Nutting Associates ikaitoa mwishoni mwa mwaka 1971 ndani ya kabati la faibagilasi lililopinda na kung'aa. Karibu na vyuo ilipendwa. Kwenye baa za wafanyakazi ilisimama peke yake, kwa sababu mtu aliyetoka kazini amechoka, bia mkononi, hakutaka kusoma maelekezo marefu ya kuendesha chombo cha angani.

Je, wajua jinsi Bushnell na Dabney walivyojirekebisha? Juni 1972 waliisajili kampuni yao, Atari, wakamwajiri fundi kijana, Al Alcorn. Bushnell alimpa kazi ya mazoezi tu, mchezo wa mpira wa meza kwenye kioo, akamwambia uongo kwamba ni oda ya kampuni ya General Electric ili ajitume. Alcorn akanunua televisheni ya kawaida ya nyeusi na nyeupe dukani, akaitia kwenye kabati la mbao, akafunga pembeni kisanduku cha sarafu cha aina iliyotumika kwenye mashine za kufulia nguo. Jina likawa Pong, na maelekezo yake yalikuwa sentensi moja ya kumwambia mchezaji asiukose mpira.

Mashine ikapelekwa Andy Capp's Tavern, baa ya mji wa Sunnyvale. Baada ya siku chache simu ikalia: mashine yenu imekufa, njooni. Alcorn akaenda. Alifungua kisanduku cha sarafu ili ajipe mchezo wa bure wa kujaribia, na sarafu zikammiminikia. Saketi zilikuwa nzima. Kopo la kupokelea sarafu lilikuwa limefurika, zikarudi juu mpaka zikabana swichi. Watu walikuwa wameicheza mpaka ikashindwa kumeza. Atari ilitangaza Pong rasmi Novemba 1972 na ikaja kuuza zaidi ya mashine 8,000.

Kuna jambo moja la kiufundi kwenye Pong ambalo kila fundi anapaswa kulijua. Vile vibao vya kupigia mpira havikufika juu kabisa ya kioo. Ilikuwa kasoro ya saketi, na Alcorn angeweza kuirekebisha. Akaiacha, kwa sababu bila ule upenyo wachezaji wawili hodari wangerudishiana mpira bila mwisho, na mwenye baa asipate sarafu ya pili.

Je, wajua kwamba wazo la mpira wa meza kwenye kioo lilikuwa na mwenyewe? Ralph Baer, aliyekimbia Ujerumani ya Wanazi akiwa kijana, alikuwa ameshabuni mtambo wa gemu wa kuunganisha na televisheni ya nyumbani. Ulitoka mwaka 1972 kwa jina la Magnavox Odyssey. Bushnell aliuona kwenye maonyesho mwezi Mei mwaka huo, kabla ya Pong. Magnavox ikashtaki, na mwaka 1976 Atari ikakubali kulipia leseni.

Je, wajua mashine inatambuaje sarafu? Hapa nitakaa kidogo. Sarafu ikipita kwenye tundu, kwanza inapimwa upana. Ikiwa kubwa haiingii. Kisha inakutana na kikono chenye mizani: nyepesi haikisogezi, inatoka kwa njia ya kurudishia. Nzito ya kutosha inakisogeza, inabingirika kupita mbele ya sumaku. Kipande cha chuma kinanasa hapo. Madini ya sarafu halali hayanasi, lakini sumaku inayapunguza mwendo kwa kiasi maalumu, na kila mchanganyiko wa madini una mwendo wake. Ikienda kasi mno inaruka ukingo, ikienda polepole mno inaangukia kabla. Ile ya kweli inadondokea kwenye waya mwembamba wa swichi, waya unalala mara moja, na saketi inaandika: mchezo mmoja. Yote hayo yanafanyika kabla hujaondoa kidole kwenye tundu.

Mashine nyingi za bei nafuu za siku hizi zinatumia njia nyingine. Ndani yake kuna kishikio kidogo ambamo mwenye mashine anaweka sarafu moja ya mfano. Kila sarafu inayoingia inalinganishwa na ile kwa koili za umeme; zikilingana inapita, zisipolingana inatemwa. Hapo ndipo mwaka 1966 unapoingia. Mashine iliyowekewa mia mbili ya Tanzania, yenye Mzee Karume upande mmoja na simba upande wa pili, haitaki kuijua sarafu ya Kenya. Kuivusha mashine boda kibiashara ni suala la kubadilisha ile sarafu moja ya mfano.

Je, wajua kwamba dhahabu iko ndani ya mashine za gemu? Ubao wa saketi wa gemu huingizwa kwenye soketi kwa meno ya shaba yaliyopakwa dhahabu nyembamba, kwa sababu dhahabu haipati kutu na haipotezi mawasiliano. Katika miaka ya 1980 Wajapani waliweka kipimo kimoja cha soketi hiyo, chenye pini 56, ili mwenye ukumbi abadilishe gemu bila kununua kabati jipya. Kwa msomaji wa Tarime, ambaye Nyamongo ya migodi ya dhahabu iko wilayani kwake, hiyo ni kazi mojawapo ya yale madini.

Je, wajua kwamba Gun Fight ya mwaka 1975 ndiyo iliyoanza kutumia prosesa kwenye gemu za sarafu? Ilitumia Intel 8080. Gemu ya asili ilikuwa ya Mjapani Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito, na Wamarekani wa Midway ndio walioitengeneza upya wakatia prosesa. Nishikado akaona faida yake, akaketi peke yake akatengeneza Space Invaders.

Aliogopa kuwafanya watu kuwa shabaha, akaona si jambo jema, ndipo akaweka viumbe wa angani: 55, safu tano za viumbe 11. Akakuta kitu cha ajabu. Kadiri walivyouawa, waliobaki walizidi kukimbia. Hakuwa amekipanga. Prosesa ilikuwa dhaifu, na viumbe walipopungua kazi ya kuchora ilipungua, ikaharakisha. Angeweza kuweka breki. Aliacha hivyohivyo, na ile hofu ya mwishoni, kiumbe mmoja anapokimbia kama amechanganyikiwa, ndiyo iliyowafanya watu watafute sarafu nyingine. Rangi zake kwenye mashine nyingi zilikuwa karatasi za plastiki za rangi zilizobandikwa juu ya kioo cha nyeusi na nyeupe.

Je, wajua kwamba ile hadithi maarufu, kwamba Space Invaders ilisababisha uhaba wa sarafu za yeni 100 Japani, haina ushahidi? Inarudiwa kila mahali. Lakini sarafu zikiingia kwenye mashine hazipotei; mwenye mashine anazipeleka benki wiki hiyohiyo, zinarudi mtaani. Uhaba wa chenji unakuja pale sarafu zinapolala kwenye visanduku na nyumbani kwa watu.

Je, wajua kwamba gemu za mwanzo hazikuwa na njia ya kuacha jina lako? Gemu ya Star Fire ya mwaka 1979 ndiyo iliyomruhusu mshindi kuandika herufi za jina lake kando ya alama zake. Mtoto wa mtaani ambaye jina lake halikuwa limewahi kuandikwa popote ila kwenye daftari la shule, sasa aliliona likiwaka kwenye kioo, na wageni wakalisoma.

Na zamu? Kwenye kumbi za Marekani desturi ikawa kuweka sarafu yako juu ya ukingo wa kioo, karibu na zilizotangulia. Hiyo ndiyo foleni. Hakuna aliyeandikisha majina, na aliyejaribu kuruka foleni alikutana na macho ya wote. Anayekumbuka vibanda vyetu vya gemu, padi mbili na watoto kumi, kila mmoja akijua anamfuata nani, anaielewa desturi hiyo bila kuelezwa.

Je, wajua kwamba Bunge la Uingereza lilipiga kura juu ya Space Invaders? Mei 1981 Mbunge George Foulkes alitaka halmashauri zipewe mamlaka ya kudhibiti mashine hizo, akisema watoto wanatoroka shule na kuiba ili wazilishe. Alishindwa kwa kura 114 dhidi ya 94. Mwezi Novemba mwaka huohuo Rais Ferdinand Marcos wa Ufilipino hakuhitaji kura: alizipiga marufuku nchi nzima.

Kwa Marekani fedha zilikuwa nyingi kupita kiasi. Januari 1982 jarida la Time lilikadiria kwamba katika mwaka 1981 sarafu za senti 25 bilioni 20 zilitumbukizwa kwenye mashine za gemu. Hizo ni dola bilioni 5.

Je, wajua kwamba Pac-Man ilibuniwa ili kuwavuta wasichana? Toru Iwatani wa Namco aliona kumbi zimejaa wavulana na vita, akatengeneza gemu ya kula. Ina hatua 255 zinazochezeka. Ukifika ya 256 nusu ya kioo inavurugika kwa herufi na takataka, kwa sababu namba ya hatua imehifadhiwa kwenye biti nane, na biti nane zinaishia 255. Hakuna aliyetarajia mtu afike huko.

Na Centipede ya Atari, iliyotoka mwaka 1981, iliandikwa na Dona Bailey akishirikiana na Ed Logg. Bailey alikuwa mwanamke pekee miongoni mwa waandishi wa programu wa kitengo cha gemu za sarafu. Nawaomba walimu wa kompyuta wa sekondari za Mara wamtaje darasani.

Je, wajua mwaka 1983 ulivyokuwa? Soko la gemu la Marekani lilianguka. Julai Nintendo ikatoa Famicom, mtambo wa nyumbani ambao nakala zake za bei chee zilisambaa dunia nzima. Tanzania ilikuwa katika msako wa wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na anayeishi mpakani anajua msako ule ulimaanisha nini kwa aliyekutwa na redio au vitenge visivyo na karatasi. Novemba, mpaka ukafunguliwa. Gemu zilipoanza kuenea kwetu, nyingi zilikuwa zile za nyumbani, na sarafu hazikuingia tundu lolote: mtoto alimpa hela mwenye kibanda, mkono kwa mkono.

Je, wajua sheria inasemaje leo? Tanzania ina Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mashine ya kamari lazima iwe na leseni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Upande wa pili wa boda, mwaka 2018, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Kenya, Fred Matiang'i, aliamuru msako wa mashine zisizo halali, na picha za mashine zikivunjwa na kuchomwa moto zikaonekana dunia nzima. Ukiziweka kando ya zile za polisi wa La Guardia, utaona malalamiko yaleyale: hela ya chakula ya mtoto wa shule. Na malalamiko hayo ni ya haki. Kipimo ninachokitumia mimi ni kile cha Sharpe: je, mchezaji aliyefanya mazoezi mwezi mzima anaweza kutabiri mpira utashukia wapi? Kwenye dubwi hawezi, hata akicheza miaka kumi, maana hesabu imeshapangwa ndani ya saketi kwa faida ya mwenye mashine. Mzazi anayemkuta mwanawe mbele ya mashine aanze na swali hilo kabla ya kushika fimbo.

Je, wajua kwamba Tekken, gemu ya ngumi inayopendwa mno kwenye vibanda vya Afrika Mashariki, ilianza kama mashine ya sarafu? Namco, ile kampuni ya farasi wawili, iliitoa kwenye kumbi mwaka 1994, kabla ya kuihamishia PlayStation. Na Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama Queen Arrow, aliicheza kwa ustadi mpaka akasajiliwa na timu ya Marekani, UYU, akaanza kupigana na mabingwa wa nchi nyingine huku akisomea sheria chuo kikuu.